Wesley Kisang Yator na Upinde Alioutengeneza Riyadh

Marehemu Wesley Kisang Yator alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Embobut, Marakwet, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Hezron Yator na Mama Celestine. Mzee alikuwa fundi wa pinde. Katika nyumba yake, kijana akitoka tohara alipokea upinde uliochongwa na babake mwenyewe, si wa kununua wala wa kuazima.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia 1991 hadi 1998. Akiwa darasa la tano alileta shuleni upinde wa mti wa mpera. Mwalimu Absalom alimnyang'anya, akauvuta mbele ya darasa kuonyesha kwamba ni mchezo wa watoto, nao ukakatika na kumpiga puani. Wesley alichapwa, ila kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa amekiona kifundo kilichojificha ndani ya mti ule. Mwalimu yuko nasi leo, na alama bado anayo.

Tarehe 20 Desemba 2008 alifunga ndoa na Mourine, wakajaliwa watoto wawili, Timothy na Maryann. Alikuwa mume mpole na mbishi kwa wakati mmoja, na Mourine anasema hakuwahi kumshinda katika mjadala wowote kuhusu kuni.

Mwezi wa Februari 2019 alikwenda Riyadh kupakia na kupakua mizigo katika maghala ya Al-Sulay. Dadake Roselyne, anayeusoma wasifu huu, tayari alikuwa Jeddah, akifanya kazi za nyumbani huko Al-Rawdah. Wesley alinuia kukaa miaka miwili. Kisha kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, akaacha kumfanyia upya ikama, kile kibali cha ukaazi, simu zikawa hazipokelewi, na bila karatasi hakuweza hata kupanda basi, sembuse ndege. Alipohesabu kwamba Timothy angeingia tohara Desemba ya 2025, alijua hatakuwepo. Basi akaamua upinde uende badala yake.

Mbao alizipata kwenye paleti za kubebea mizigo zilizovunjika. Nyingi zilikuwa laini, na pinde sita zilimkatikia mkononi. Wa saba ulitoka kwenye kreti la mashine: mbao nyekundu, nzito, nyuzi zake zimenyooka toka ncha hadi ncha, bila kifundo. Hata hivyo hakuiamini peke yake, akataka kuifunika mgongo, yaani ule upande usiomtazama mpigaji, ambao ndio huanza kupasuka. Alijaribu turubai, ikabanduka. Akamwendea mchinjaji Msudani akaomba kano za ngamia, akazikausha darini, akazipondaponda hadi zikawa nyuzi, akachemsha vipande vya ngozi kupata gundi. Wenzake wa chumbani walivumilia siku tatu. Siku ya nne mmoja akamwambia, "Halas, yatosha, Wesley. Chagua, ni sisi ama ni ngamia." Akahamia ngazini na sufuria yake.

Upinde ulikuwa mzuri. Mwezi wa Agosti dereva wa lori aliufikisha Jeddah, ili Roselyne aende nao nyumbani likizo ya Novemba. Hakuna aliyewaza kuhusu hewa. Riyadh ni kukavu, na gundi ile ilikauka ikawa ngumu kabisa. Jeddah kuna joto la unyevu, na chumba cha Roselyne kilikuwa kile cha mashine ya kufulia. Baada ya wiki tatu kano zilikuwa zimelegea na kuinuka. Alizifunga kwa vipande vya shuka, zikainuka tena, na mbao yenyewe ikaanza kupasuka. Alilia, na hakumwambia kaka yake.

Mnamo Septemba Wesley alivimba miguu na uso. Figo zilikuwa zimekufa. Kutoka kitandani alipiga simu.

"Rose, mgongo umeshika?"

"Umeshika, Kisang."

"Mwambie Timothy asiuvute mpaka mwisho siku ya kwanza."

Alifariki tarehe 2 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka 41. Mwili ulisubiri karatasi wiki sita. Ikama iliyomkatalia kurudi akiwa hai ilimchelewesha hata akiwa maiti, na jambo hili familia haina namna ya kulifanya lionekane jema.

Ameacha mama yake Celestine, mjane wake Mourine, watoto wake Timothy na Maryann, dadake Roselyne, ndugu wengine watatu na wapwa wengi. Timothy anaingia tohara mwezi ujao. Hakuna aliyebaki katika nyumba hii anayejua kuchonga.

Upinde ulio juu ya jeneza ndio huo. Tunawaomba msiuvute.

Pumzika, Kisang. Uliambiwa mgongo umeshika, na aliyekuambia anakuomba radhi mbele ya watu wote hawa.