Mutie Alipopima Jua kwa Mkono Wake

Benchi moja la Kangemi lina miguu mitatu na tofali moja, limeegemea ukuta wa karakana ya Kaloki, chini kidogo ya Waiyaki Way, na kila asubuhi hukaliwa na wanaume watatu wenye uhakika na kila jambo lisilowahusu. Wa kwanza ni Kaloki mwenyewe, fundi wa kuchomelea vyuma, anayeitwa Cheche. Wa pili ni Mutie, askari wa geti katika kliniki moja ya Westlands. Amefungulia madaktari geti miaka kumi na moja, basi naye anaitwa Daktari. Wa tatu ni Wesonga, yaani Katiba, aliyetoka Busia akiwa kijana na tangu hapo anazijua mila za Busia kuliko waliobaki huko. Anayewamiminia kahawa ni Peres, Mama Ivyne, na Jumatano hiyo alikuwa akimimina huku amekaza meno. Mumewe Ochola alikuwa chumbani, hatua kumi kutoka benchini, siku ya tisa tangu adungwe dawa ya saratani ya koo inayoamshwa na mwanga. Alikatazwa jua siku thelathini. Na Jumamosi, saa saba mchana, ndugu yake mdogo Omollo angezikwa kwao Busia.

— Shemeji, Ochola lazima aende, alisema Katiba. Mkubwa ndiye huweka udongo wa kwanza. Asipoweka, watu watasema aliogopa nini?

— Aliogopa jua, alisema Peres.

— Jua! Mwanaume wa Busia?

— Sikiza, Katiba. Dawa walimdunga kwa mshipa, ikaenda mwili wote. Halafu wakamshusha kamrija kenye taa kooni, wakamulika pale penye uvimbe peke yake. Hapo ikaamka, ikachoma ugonjwa. Lakini kwa ngozi bado imelala. Jua likimpiga itaamka huko pia, aive kama mahindi ya kuchoma.

— Si ndio nasema! Cheche alipiga goti. Dawa ya moto ni moto. Kama kale ka-taa kadogo kamesaidia koo, jua lote si litamaliza saratani hadi kwa vidole?

— Kwa vidole hana saratani.

— Basi haitaingia.

Peres alimtazama, akakumbuka kwamba huyu ndiye aliyeongoza msaada wa kwanza. Siku Ochola aliporudi kutoka hospitali, watatu hawa walikuja na roho safi kabisa, wakafungua balbu, wakapigilia magunia dirishani, wakamwacha mgonjwa katika giza la kaburi. Siku mbili Ochola alijigonga magoti kitandani, mpaka Peres alipompigia nesi simu. Nesi alishtuka. Giza namna hiyo halitakiwi, alisema; taa ya kawaida ya nyumbani inamfaa, maana huimaliza dawa kwenye ngozi polepole. Akae tu mbali na dirisha lenye jua na taa kali. Peres alinunua balbu nyingine. Ile ya kwanza inawaka karakanani hadi leo.

— Tumpake mafuta ya kuzuia jua, alisema Daktari. Wazungu wanaokuja kwetu kliniki wanajipaka.

— Hayasaidii. Karatasi ya hospitali imesema.

— Hiyo karatasi iliandikwa na nani?

— Na waliompa dawa.

— Hapo sasa! Mtu hawezi kuwa mchezaji na refa.

— Wacheni maneno mingi, alisema Cheche. Avae maski yangu ya kuchomelea. Nimeangalia moto nayo miaka ishirini.

— Na mikono? aliuliza Peres.

— Glavu.

— Na shingo?

— Gunia.

— Na akilia? Katiba aliingilia kwa wasiwasi. Mkubwa lazima aonekane akilia.

— Si iko na kadirisha? Watu wasogee waangalie.

Katiba hakupenda. Mila haiangaliwi kwa kadirisha. Alipuliza kahawa, akafikiri, na alipomaliza kufikiri mambo yakaharibika zaidi.

— Aingie kwa gari la kubeba mwili. Lile lina vioo vyeusi. Akifika hashuki. Tunamletea udongo kwa sahani, anaushika, tunaurudisha.

— Kutoka kwa gari mpaka kaburini ni mbali, buda. Upepo utaumwaga, alisema Daktari.

— Basi kaburi lichimbwe ndani ya nyumba! Sebuleni! Nani alisema lazima iwe nje?

— Wewe, alisema Peres. Wewe ndiye Katiba.

— Katiba hurekebishwa.

Hata Peres alicheka, kwa pua tu. Ndipo Daktari alipoweka kikombe chini, akakunja mkono wa sweta taratibu, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala.

— Mnabishana bure. Si Jumapili Mama Ivyne alitusomea kuna kipimo?

Kweli aliwasomea. Siku thelathini zikiisha, mgonjwa akate tundu kwenye mfuko wa karatasi, auvalishe mkono, aelekeze tundu juani dakika kumi, kisha angoje siku nzima. Ngozi ikiwa nyekundu au ikivimba, arudi ndani wiki mbili zaidi. Alikuwa amesoma polepole, akirudia neno thelathini.

— Nimeshapima, alisema Daktari.

Birika liligonga kikombe.

— Mutie! Umemtoa mume wangu nje?

— Hapana! Mimi ni mtu wa kliniki. Nimepimia mkono yangu. Jana nimekata tundu kwa mfuko wa unga, nimekaa getini dakika kumi kamili. Ona. Hata upele hakuna. Ochola yuko sawa, asafiri.

— Wewe ulidungwa dawa?

— Sikudungwa.

— Sasa umepima nini?

— Jua. Kwani kuna majua mangapi? Ni lile lile.

Benchi likaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Ni kweli, jua lilikuwa lile lile. Cheche aliuliza mfuko ulikuwa wa unga gani.

— Mama Ivyne.

Sauti ilitoka nyuma ya mabati, nyembamba, ya mtu ambaye koo lake bado linapona. Ochola alikuwa amesikia yote.

— Niletee koti na kofia. Naenda kumzika ndugu yangu. Sitaitwa mwoga.

Kicheko chote kilimwishia Peres. Alisimama mlangoni, mgongo kwa chumba, birika mkononi kama rungu.

— Umeona? alisema Katiba, akifurahi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu ametoka mwenyewe.

— Hajatoka. Na hatoki.

Wakati huo akatokea msichana mwenye kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa Jacklyne, binti wa marehemu, ametembea kutoka stejini na begi begani. Alimsalimu Peres, mama yake mkubwa, kwa mikono miwili, akasikia kilichokuwa kinaendelea, akasogeza mdomo kwenye ufa wa mlango.

— Baba mkubwa, kaa. Wazee wameongea. Udongo wa kwanza ataweka mmoja wao, Baba Ajwang. Wamesema wanazika mmoja, hawataki kuzika wawili.

Ndani kitanda kikalia: Ochola amekaa.

Peres alishusha birika. Jacklyne akaligeukia benchi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na daftari na kalamu.

— Lakini wazee wameomba, kwa vile yeye haji, marafiki zake wa Kangemi wasimame mahali pake. Gari linaondoka Ijumaa jioni na nafasi ziko. Ninyi mnakuja wangapi?

Cheche aliangalia geti alilokuwa hajalimaliza. Daktari alishusha mkono wa sweta. Kalamu ilingoja.

— Jumamosi, alianza Katiba, unajua lile jua la kwetu saa saba...

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akainamia kikombe.

Daktari, kwa kukosa pa kuangalia, alinyoosha kikombe.

— Mama Ivyne, ongeza kidogo.

Peres alilitikisa birika. Wote wakaisikia kahawa ikicheza ndani, nusu nzima.

— Imeisha, alisema.