Ngamia Angevumilia

Jumatano, tarehe kumi na moja Juni, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kaka yangu fundi viatu alifariki. Mimi ndiye muuza kahawa wa kijiwe hiki. Yeye alishonea viatu hapa hapa, kando ya benchi, kizimba cha kasuku wake kikining'inia juu ya kichwa chake. Tangu tumzike, kasuku hagusi karanga wala maji, na sasa anafumba macho mchana kweupe. Sikujua nimfanyeje. Nikawauliza wenzangu.

— Mwache, akasema Kinyozi. Ngamia anakaa wiki nzima bila maji, na hata hajafiwa.

— Ngamia ana nundu, akajibu Meja, mlinzi wa duka la jirani. Huyu ana nini?

— Mkia. Unadhani ule wekundu ni urembo? Ndiyo akiba yake.

— Wewe hata kisogo cha mteja kinakushinda, leo unajua akiba ya ndege?

— Sikiliza, mzee. Ngamia na kasuku ni ukoo mmoja. Wote wana dharau. Mtazame jicho. Mmoja alibaki jangwani, mwenziwe akakimbilia msituni kwenye matunda. Damu nzito kuliko maji.

— Ndiyo maana maji hayataki.

— Basi alambe chumvi. Ngamia akilamba chumvi, anakausha pipa.

— Utamuua.

— Asiyekubali kushindwa si mshindani.

— Jamani, nikasema, ndege anakufa.

Wakanywa kahawa. Hapo akafika mama mmoja kufuata viatu vyake. Hakuwa na habari za msiba. Nilipomweleza alitupa pole, kisha akamtazama kasuku.

— Marehemu akimpa karanga, alikuwa akimwambia nini?

Nikamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Meja. Kila mchana tulikuwa tukibishana mpira, na fundi ametugeuzia mgongo, uso kizimbani.

— Alikuwa ananong'ona, Meja akasema.

— Ananong'ona nini?

Kinyozi akanisogezea kisahani cha karanga.

Nikachukua karanga, nikasogeza uso kizimbani, nikanong'ona maneno pekee niliyokuwa nayo. Kasuku akafumbua jicho moja. Nikaendelea, polepole: Ee Mungu, mrehemu kaka yangu, msamehe alipokosea, mlaze mahali pema. Na sisi tuliokaa naye tusimsikie, utusamehe. Amina.