Dawa Iliyobaki Kwenye Friji ya Maabara

Dada yetu mkubwa, tuliyekuja leo kumsindikiza, alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa fundi cherehani na mkewe. Mimi ndiye kitinda mimba. Nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu wenzangu wamekataa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akaingia chuo kikuu 1981, na shahada ya uzamivu aliipata 1993 huku akinyonyesha. Baba alikipapasa cheti kile kama kitambaa cha mteja, akauliza, "Sasa utatibu watu?"

"Panya kwanza, Baba."

Ndivyo ilivyokuwa tangu 1985, katika maabara ya hospitali, chumba cha chini kisicho na dirisha. Alitafiti namna ya kuulinda ubongo baada ya kiharusi. Alitueleza kwamba seli za ubongo wa mtu mzima zimeshaacha kugawanyika. Damu ikikatika, zile zilizonusurika hushtuka, zikaanza upya mzunguko wa kugawanyika, zikashindwa kuumaliza na kufia njiani. "Ni kama bibi wa miaka themanini aliyeingiwa na hofu akaanza kujiandaa kujifungua," alisema. Dawa yake ilikuwa ya kuusimamisha mzunguko huo ili seli zitulie. Kabla ya kila sindano alimwambia panya, "Samahani, mzee." Watoto wa mtaani wakamwita Mama Panya, naye akaitika.

Alifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989 na fundi aliyeitwa kutengeneza friji ya maabara. "Friji yenu nzima, dada," alimwambia siku hiyo. "Plagi ndiyo haijaingia." Walijaliwa binti mmoja.

Tarehe 14 Juni 2011 shemeji yetu alianguka bafuni. Alifikishwa hospitali kwa kuchelewa, upande wa kulia umekufa ganzi, maneno hayatoki. Mama mkwe alimshika dada mkono kwenye korido.

"Wewe si una dawa huko chini? Mpe mwanangu."

"Haijawahi kupewa mtu, Mama. Hata panya nimewapa ndani ya saa ya kwanza ya kiharusi tu. Nikimuua je?"

Hakumpa. Mama mkwe aliacha kumsemesha kwa miaka, na sisi ndugu tulisema mengi pembeni. Yeye alimwogesha mumewe alfajiri, akaenda kazini, akarudi kumlisha. Alichoka, nasi tulichoka kumtazama.

Mwaka 2019 alimaliza jaribio alilolianza kwa ajili ya swali lile la korido, kama dawa ingemfaa aliyechelewa: panya waliopewa dawa siku ya pili baada ya kiharusi. Walitembea vizuri kuliko wasiopewa. Angeweza kunyamaza, hakuna kati yetu ambaye angejua. Jumapili moja alimkalisha mama mkwe kando ya kitanda cha mumewe, akawaambia wote wawili, "Panya si mtu. Lakini pengine ingemsaidia."

Mama mkwe alilivuta beseni la maji karibu na kitanda. Kisha akasema, "Umekonda sana, mwanangu. Nenda kalale. Leo nitamwogesha mimi."

Tangu siku hiyo walipokezana zamu.

Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka 2022. Miguu iliyovimba aliificha ndani ya soksi ndefu, na wenzake akawaambia ni joto. Alilazwa Novemba 2023, akafariki tarehe 2 Februari 2024. Dawa yake bado haijaruhusiwa kupewa binadamu. Hilo lilimuuma mpaka mwisho, na hatutalipamba hapa.

Ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, wajukuu wawili, wadogo zake watatu, na mama mkwe mwenye miaka tisini na mmoja. Shemeji ndiye aliyemfumba macho, kwa mkono wake mzima, akauacha usoni pake mpaka wauguzi walipomwomba mara ya pili.

Alichoka sana dada yetu. Apumzike sasa, na amani iwe yake.