Evelina Nampota na Zege la Chilangala

Evelina Silvesta Nampota alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 kijijini Chilangala, Newala, kwa Mzee Silvesta na Bi. Rose, wakulima wa korosho. Alikuwa mbishi tangu utotoni, na leo hatutamsingizia upole. Akiwa darasa la pili alibomoa kichanja cha vyombo alichojenga baba yake, eti kimeinama, akakijenga upya. Alichapwa, ila kichanja chake ndicho kilichobaki.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, sekondari Masasi, na mwaka 2004 akahitimu uhandisi wa ujenzi Dar es Salaam. Alirudi Masasi kufundisha usanifu katika chuo cha ufundi. Miaka ya karibuni, yeye na mwalimu mwenzake Benjamin waliifundisha akili mnemba jambo gumu: kuelewa msanifu anafikirije. Programu yao ilifuatilia kila mstari ambao Evelina aliuchora na kila alioufuta, ikamuuliza sababu. Aliijibu kwa subira ambayo sisi nduguze hatukuwahi kuionja.

Tarehe 20 Septemba 2008 alifunga ndoa na Luka, mwalimu mgeni aliyehamia Lisekese, Masasi. Walijaliwa binti mmoja, Agnes.

Saratani iligundulika Juni 2025. Oktoba ikamlaza hospitalini Masasi, mchoro wa tangi la maji ya mvua la zahanati ya Chilangala ukiwa haujakamilika. Mvua zilikaribia, Benjamin akaiachia programu imalizie. Ikapunguza nguzo mbili, kwa kuwa Evelina alizoea kupunguza nguzo. Kila aliyeuona mchoro alisema huo ni mkono wake hasa.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 29 Novemba, Benjamin aliuleta kitandani ili amfurahishe mgonjwa.

“Mama Agnes, tazama, imemaliza kama wewe.”

Evelina aliinuka kwa shida. “Benja, imejua mazoea yangu, sababu zangu haikuzijua. Mimi hupunguza nguzo penye ardhi ngumu tu. Pale chini pana shimo la zamani la maji, lilifukiwa. Nilikuwa sijaiambia. Zege linamwagwa lini?”

“Leo.”

Simu ya fundi Anwari haikupatikana. Evelina akamgeukia mumewe. “Baba Agnes, nenda wewe. Benja atabishiwa, mchoro kaupeleka mwenyewe. Wewe watajua nimekutuma mimi.”

“Siwezi kukuacha hivi.”

“Wagonjwa watakaa chini ya lile tangi wakisubiri dawa. Nenda!”

Luka aliwasha pikipiki. Chilangala alikuta vijana wamejipanga na makarai, zege limekwisha kukorogwa. Akashuka msingini na viatu vyake.

“Mwageni basi, mnifukie na mimi.”

Anwari alisimamisha kazi, akachomeka nondo chini. Ilizama kama kwenye unga.

Saa saba mchana Evelina alifariki, Luka akiwa bado njiani kurudi.

Tangu jana hapa msibani tunasikia minong'ono kwamba mkwe wetu alimkimbia mkewe akikata roho. Familia inasema hadharani: alitumwa na mkewe, akatii ilhali moyo wake haukutaka. Anayebisha anabishana na marehemu, na mnajua hakuwahi kushindwa.

Ameacha mama yake Bi. Rose, kaka zake Petro na Fikirini, binti yake Agnes, na mume wake. Luka, baba, toka huko nyuma ulikojificha. Udongo wa kwanza ni wako.

Mungu ampokee Evelina, ampe pumziko la amani.