Jasusi wa Ng'ombe

Jirani yangu Romana aliwahi kuniuliza, "Kumdanganya mwanao kwa faida yake, ni dhambi?" Nilimkumbuka kwenye treni ya Kaliua. Mzee wa Kisukuma alikuwa akimhadithia mama aliyekaa naye mchezo wa televisheni kuhusu jasusi aliyeificha familia yake kazi yake.

"Mtoto kamchongea baba kwa polisi! Laana."

"Baba ndiye aliyeanza uongo, mzee."

"Baba hadanganyi, anatunza. Mimi ng'ombe zangu nimezificha kwa rafiki kule Magamba. Mwanangu Malale anataka kuoa, anadhani sina kitu."

"Na binti wa watu?"

"Anasubiri."

"Haya, shikamoo jasusi!"

Behewa zima likacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Treni iliposimama Katumba, mzee alichukua fimbo, akashuka. Tiketi aliyomwonyesha kondakta ilikuwa ya Kaliua, bado mbali mbele.