Shiundu na Shahidi wa Kondoo

Wengi hudhani kwamba ndoa inayojulikana na mtaa mzima inajulikana pia na mahakama. Bwana Ishmael Shiundu, karani na mkalimani wetu hapa mahakamani, amepambana na kosa hilo kwa muda mrefu. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Agosti 1984, baada ya miaka ishirini na mitano ya utumishi.

Alianza katika mahakama za Waafrika. Wazee walioamua kesi huko walizijua mila tangu utotoni. Hakuna aliyewaeleza ngurario ni nini, ile sherehe ya Wakikuyu ya kukamilisha ndoa kwa kuchinja kondoo. Mwaka 1967 mahakama hizo ziliondolewa, kesi zikaenda kwa mahakimu. Mila hazikufutwa. Zilianza tu kuhitaji shahidi, maana hakimu aweza kutoka kwa watu wasiokamilisha ndoa kwa kondoo.

Basi Shiundu akawa mwalimu wa koridoni, akiwaeleza wenye kesi kwamba mila lazima ishuhudiwe. Kikuyu chake chenye lafudhi ya kwao Butere kiliwavuta akina mama wa Kawangware kwenye kesi zisizowahusu, wacheke kidogo.

Mwezi huu hawakucheka. Wagaki, mjane wa eneo la Kawangware 46, alimjia. Shemeji yake, Kihara, anataka ahame ploti ya mumewe, akidai hakuwa mke wa marehemu bali mpangaji.

“Kwani hakimu hajui nilichinjiwa kondoo? Hata watoto wa 46 wanajua!”

“Mama, hata akijua, haruhusiwi kujua mpaka shahidi amwambie. Nani alimchinja?”

“Kiragu. Wengine wote tumewazika.”

Mzee Kiragu yuko mtaa wa Silanga, na kifua kinambana. Kesi ni Jumatatu. Asipofika, Wagaki na watoto hawana pa kulala.

Nami nina wasiwasi mwingine. Mzee yeyote akiletewa samansi, hati ya kumwita mahakamani, bila maelezo hudhani ameshtakiwa. Kesho yake utaambiwa amekwenda kwa bintiye Nyeri. Ndiyo sababu Shiundu hakuwahi kutuma samansi ya shahidi mzee. Alikwenda mwenyewe, akaketi, akanywa chai, akaeleza. Wiki hii makabidhiano ya kazi yamemfunga mezani.

Asante, Shiundu, kwa chai zote hizo. Butere ikupokee vizuri, ng’ombe wakunenepee, na usiamkie tena kesi ya mtu.

Nawe Lenah, unayerithi meza yake: samansi ya Kiragu iko tayari. Ipeleke Silanga leo kwa mkono wako, na kabla hujampa, mwambie hajashtakiwa.