Uwanja Ndani ya Mabati

Pale Kondele, nyuma ya steji ya boda, kuna benchi ambalo kila asubuhi hugeuka bunge. Spika ni Walubengo, kwa sababu birika la kahawa ni lake. Siku hiyo Calvince alikaa katikati. Stima ilikuwa imeunguza TV ya kibanda chake cha gemu, na hawa hawa wa benchi wakamchangia anunue kitu kingine. Akikosea, kibanda kinafungwa, anarudi Muhoroni kukata miwa. Anunue miwani ya gemu, ile ya kufunika uso mzima? Au projekta mpya inayotandaza mchezo kwenye kuta zote za chumba? Aliwauliza, na sasa alikuwa anajuta.

— Projekta ni uongo, alisema Oketch, fundi redio wanayemwita Profesa. Kibanda yako ni mabati, omera, ndugu yangu. Mchezaji akimulikwa kwa hiyo mikunjo, miguu inapinda kama nyoka. Atapiga penalti aje?

— Nitapigilia plywood, Profesa.

— Na matundu ya misumari? alidakia Byron wa boda, jina la kijiweni VAR. Mwangaza itatoka nje. Watu wa kanisa hapo jirani wanaomba, mara goli imeingia kwa madhabahu!

— Afadhali goli, Profesa akasema. Ikitoka kiboko ya gemu hapo kwa barabara, nyinyi watu wa boda mtakimbia bila kusimama mpaka Sondu.

— Basi anunue miwani, Walubengo akasema huku akimimina.

— Miwani! VAR akaruka. Binamu yangu alivaa hiyo kitu akiwa kwa wakwe. Akaona simba. Akatoka mbio, akaingia mpaka chumba ya kulala ya mama mkwe! Wazee waliitisha kikao juu yake.

— Na simba? Walubengo akauliza.

— Simba ilibaki kwa miwani. Aibu ndio ilitoka na yeye.

Benchi zima lilicheka, Calvince naye, ingawa hakupenda. Pembeni, Bridget muuza omena, ambaye hakuwahi kuketi hapo, aliweka kikombe chini.

— Samahani wazee. Hiyo TV, kabla iungue, ilikuwa na makosa gani?

Wote walimgeukia Calvince.

— Haikuwa na makosa, Calvince akasema polepole. Lakini mmenichangia. Niliona nikirudisha TV tu, ni kama nimewadharau. Nilitaka kitu kubwa.

— Wewe nawe! Profesa akafoka. Nani alikuitisha kitu kubwa? Mke wangu alipolazwa, si ulifunga kibanda ukakesha na mimi hospitali? Nunua TV, ufungue mlango.

Calvince alishukuru Mungu kwa watu hawa, pamoja na upuuzi wao wote.

— Erokamano, alisema. Asanteni sana.

— Shukuru ukiwa njiani, VAR akamwambia akiwasha pikipiki. Panda twende tuibebe.